Huna Kisanduku cha Naitrojeni? Chapa Hewani

Wiki hii mwanafunzi mmoja ameniandikia kwamba msimamizi wake amemkataza kugusa seli za jua za perovskaiti, yaani seli za umeme wa jua zenye utando wa fuwele unaotokana na wino uliotandazwa juu ya kioo, kwa sababu maabara yao haina kisanduku cha naitrojeni, kile kilichozibwa kisiingize hewa wala unyevu. Nilicheka, kisha nikakasirika. Na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Tuseme ukweli kuhusu rekodi tunazozifukuzia. Mwaka 2009 Miyasaka na wenzake huko Japani waliripoti ufanisi, yaani sehemu ya nuru inayogeuzwa umeme, wa asilimia 3.8, leo rekodi imepita asilimia 26. Lakini seli nyingi zinazotajwa hapo ni ndogo kuliko ukucha, zimetengenezwa kwenye mashine ya kuzungusha kioo ambayo hurusha sehemu kubwa ya wino kutani. Kioo kikubwa kama mlango utakizungushaje?

Nami nilianzia kwenye mashine hiyo. Nilijua sekunde hasa ya kudondosha klorobenzini, kimiminika kinachoanzisha fuwele, na seli zilitoka safi, wakubwa wakasifu. Nilipohamia kwenye meza ya kuchapa, kioo kikubwa, nje ya kisanduku, sifa zikakauka. Mhakiki mmoja aliandika kwamba ufanisi wangu uko chini ya rekodi, hivyo hakuna jipya, na kwamba kiwango nilicholenga hakifikiki hewani. Alilinganisha seli ya ukucha na bamba zima! Sijasahau. Mwezi huu moduli yetu, yaani bamba lenye seli nyingi zilizounganishwa, iliyochapwa mezani palepale, imekipita kiwango hicho.

Siri ni ukaushaji. Wino ukishatandazwa unabaki wa njano na majimaji. Kisu cha hewa, yaani mkondo mwembamba wa hewa yenye nguvu, kikipita juu yake kwa kasi inayotosha, viyeyusho huondoka ghafla na fuwele huanza kuota kila mahali kwa mpigo. Unaona mstari wa kahawia ukikimbia nyuma ya kisu, na juu ya bamba la moto utando unageuka mweusi unaong'aa hadi unajiona uso. Kisu kikiwa dhaifu, fuwele chache hukua ndefu kama sindano, zikiacha mianya ambamo umeme utavuja. Utando huo hata usihangaike kuupima.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, usibadilishe wino kabla hujaituliza hewa. Narudia, maana najua utaanza na wino: hewa kwanza. Weka kipima unyevu kando ya kisu chenyewe, si ukutani, na uandike namba yake kila unapochapa. Utando uliopauka wenye ukungu mara nyingi ni unyevu, wala si laana ya kemia yako. Hewa iliyokaushwa na kuchujwa inatosha kwa mengi ambayo watu hudhani yanahitaji naitrojeni.

Ukifika kwenye wino, jua kwamba kiyeyusho cha DMF hukimbia upesi, ilhali kile cha DMSO hujishikiza kwenye iodidi ya risasi iliyomo kwenye wino na kuchelewesha fuwele, jambo linalokupa muda wa kuchapa. Wengine hupenda kiyeyusho cha 2-methoksiethanoli kwa sababu hukauka haraka, lakini hudhuru uzazi. Kuchapa hewani si ruhusa ya kuvuta mvuke: meza ikae chini ya kifyonzaji, na risasi isimwagwe kwenye sinki.

Ukipima ufanisi, pima voltiji ikipanda na ikishuka, kisha uripoti namba zote mbili. Kuna watu wanachapisha ile nzuri tu, halafu haohao wanatuhubiria uadilifu.

Pia usichanganye kuchapa hewani na kuishi hewani. Moduli lazima ifungwe vizuri, kwa sababu jaribio la kawaida la joto na unyevu ni nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na hapo ndipo wenye rekodi wengi hukaa kimya.

Uliuliza pia kuhusu elektrodi ya dhahabu, ile tabaka ya kukusanya umeme. Achana nayo. Inataka chemba ya ombwe, kifaa ghali kitakachokurudisha kwenye utumwa wa vipande vidogo. Rojo la kaboni huchapwa kwa skrini hewani na husaidia kuzuia unyevu. Utapoteza ufanisi kidogo. Kubali, uendelee kuchapa.