Maswali ya shambani: mmumunye na ua lake la jioni

*Mmumunye wangu umejaa maua lakini hauzai. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Kongwa)*

Usipulize chochote! Kila masika naulizwa swali hili, na kila anayeuliza ameshanunua dawa. Maua yanayotangulia ni madume, yana vikonyo virefu vyembamba. Majike hufuata, na utayajua kwa kitunda kidogo chenye vinyweleo kilichokaa chini ya ua hata kabla halijafunguka. Ua la mmumunye ni jeupe, hufunguka jua linapozama, na kesho yake mchana limeshanyauka. Wanaolitembelea ni nondo na wadudu wengine wa usiku. Ukipuliza sumu jioni unawaua haohao wanaobeba chavua, kisha vitunda vinageuka njano na kudondoka, nawe unadhani ni ugonjwa. Toka na tochi ukaangalie. Usipoona mdudu, chuma ua dume lililofunguka, toa petali zake, upake chavua katikati ya ua jike.

*Nitautofautishaje na mche wa boga?*

Shika jani. La boga linakwaruza, la mmumunye ni laini kama kitambaa, na ukilifikicha linatoa harufu nzito. Tena pale kikonyo kinapokutana na jani pana vitezi viwili vidogo. Ukingoja ua, la boga ni la njano.

*Kibuyu cha maziwa ni tunda la mbuyu?*

Hapana. Mbuyu ni mti. Vibuyu vya maziwa, na hata kile cha kwenye zeze la Wagogo, hutoka kwenye mmea huu unaotambaa.

*Jirani ananiambia juisi ya mumunye chungu ni dawa ya sukari. Ninywe?*

Usinywe, na mwambie jirani aache. Uchungu ule ni sumu, na kuchemsha hakuuondoi. Watu wametapika damu na kulazwa kwa sababu ya glasi moja. Kabla ya kupika mumunye lolote, onja kipande kidogo kibichi. Likiwa chungu, tema na utupe lote. Mbegu zake usipande. Wala usilisingizie boga la jirani, maana haviwezi kuchanganya mbegu. Uchungu huja na chavua ya mmumunye mwingine mchungu, basi ung'oe ule unaojiotea kwenye uzio.

*Nichume lini la kibuyu?*

Kikonyo kikishakauka kabisa. Ukiwahi, litasinyaa na kuoza.