Nina miaka 57, nataka kuendesha guta langu mwenyewe

Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mjane wa miaka 57, naishi Mwanga, Kigoma. Nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, naanika, nafunga viroba, napeleka sokoni. Kila nikipiga hesabu naona faida inaishia kwa vijana wa maguta, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, na siku ambayo samaki ni wengi hawapatikani hata ukiwabembeleza. Akiba yangu ya kikoba inakaribia kutosha guta lililotumika, na nikikopa kidogo napata jipya. Nataka niendeshe mwenyewe. Sijawahi kuendesha chochote, hata baiskeli. Binti yangu amefurahi. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam amekasirika. Anasema ni aibu, watu watasema wamenitelekeza, na mwanamke wa Kiislamu wa umri wangu hapandi pikipiki. Anasema nikinunua, yeye asiulizwe lolote. Baba yao alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2012. Je, nimechelewa? Huyu mtoto nimfanyeje? Na huko juu nitavaa nini?
Mama Viroba, Kigoma

Wa aleikum salaam, mwenzangu.

Hujachelewa. Mwanamke anayebeba viroba, anayesimama juani kugeuza dagaa na kubishana bei tangu alfajiri ana mwili na akili ya kuendesha guta. Yanayonishughulisha ni mawili: mwanao, na namna utakavyojifunza.

Nianze na mwanao. Mstari wa baba yao umeuandika mwishoni, haraka haraka, kisha ukaruka kwenye swali la nguo. Mimi hapo ndipo niliposimama. Kijana aliyemzika baba kwa ajali ya pikipiki, leo anaambiwa mama naye anapanda chombo cha aina hiyo, atasema nini? Wanaume wengi tuliowalea hawajui kutamka "mama, naogopa." Watasema aibu, watasema majirani, watasema dini. Angalia maneno yake yote uliyoniandikia: hajauliza bei, hajauliza utalipaje, hajauliza hata kama biashara inalipa. Mtu mwenye hoja ya biashara angeuliza hayo.

Mpigie simu jioni akiwa ametulia, usimtumie ujumbe. Usianze na guta. Anza na baba yake, mseme habari za mwaka ule, hata kama hamjawahi kukaa mkaziongea. Akimaliza, mwambie umeamua kujifunza kwa mwalimu, na unamwomba yeye akulipie chuo cha udereva na kofia ngumu iliyo imara. Mpe kazi ya kukulinda, badala ya kumwachia ile ya kukukataza. Hilo la dini, mkumbushe kwa upole kwamba Bi Khadija alikuwa mjane na mfanyabiashara mwenye misafara yake kabla hajaolewa na Mtume. Akikataa hata baada ya hapo, endelea na mipango yako na simu uziendeleze. Akiba ni yako, na umri wa kuomba ruhusa kwa mtoto uliyemzaa haujafika.

Sasa guta lenyewe. Kibirizi watakwambia chombo cha magurudumu matatu hakiangushi, hata mtoto anaendesha. Usiwasikilize. Pikipiki ya kawaida hulala kwenye kona, guta halilali. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka na chombo kinabinuka kuelekea nje, hasa kama umekamata breki katikati ya kona. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, chombo kikiwa bado kimenyooka. Ukishaanza kupinda, umechelewa.

Mzigo wako nao una hatari yake. Dagaa wakavu ni wepesi, na wepesi huo ndio unaowafanya watu wapange viroba hadi vizidi kichwa cha dereva. Kimo hicho ndicho kinachobinua guta. Panga chini, tandaza, rudi safari ya pili. Siku utakayobeba kitu kizito, madumu ya mawese au kreti za migebuka yenye barafu, kisogeze mbele karibu na kiti chako. Kikirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mpando wa kutoka ziwani utakata usukani huku guta likienda moja kwa moja. Hapo ndipo wengi wanapolaumu breki.

Kuna jingine halisemwi mpaka limemkuta mtu. Magurudumu ya pikipiki hupita njia moja, ya gari mbili, ya guta tatu. Shimo utakalolikwepa kwa gurudumu la mbele litaingia gurudumu la nyuma. Kwenye barabara ya udongo iliyochimbwa na malori, magurudumu ya nyuma yanataka kushuka kwenye mifereji, la mbele linapanda tuta la katikati, na usukani unaanza kukupigania mikononi. Ukilegeza, unatupwa pembeni. Pita taratibu, gia ndogo, vidole vimeshika bila kukakamaa. Na kumbuka bodi ya nyuma ni pana kuliko usukani: mikono yako itapita getini salama, kisha utasikia bati limekwaruza nguzo.

Kutowahi kupanda baiskeli hapa ni nafuu kwako. Anayetoka kwenye pikipiki ya magurudumu mawili huingia kona anataka kulaza chombo kwa mazoea, na guta haliitiki. Wewe huna cha kusahau. Klachi iko mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, ya nyuma mguu wa kulia. Kaa juu ya guta likiwa limezimwa, rudia viungo hivyo hadi visingoje kufikiriwa. Watu wa rika letu tunahitaji kurudia zaidi ya kijana wa miaka 20, na hakuna ubaya. Kisha uwanja mtupu, kama wa shule siku ya Jumapili: kuondoka, kusimama, kurudi nyuma kwa rivasi, bila mzigo. Kisha lami tambarare. Kuondoka mpandoni kwa hendibreki kuwe mwisho, na usikubali kushushwa Kibirizi na viroba kabla hujakuweza huko.

Mwalimu awe wa chuo cha udereva kilichosajiliwa. Kijana wa kijiweni anajua kuendesha, lakini alijifunza kwa kuanguka akiwa na mifupa ya miaka 17. Wewe ukianguka hivyo, nyonga haitakusamehe. Chuo pia ndicho kitakachokuongoza kwenye leseni ya kujifunzia, mtihani wa polisi na leseni yenyewe ya TRA, mamlaka ya mapato. Kwa chombo cha miguu mitatu ni daraja A2. Usiendeshe na leseni ya kuazima, wala usikubali wa kukupatia bila kufanya mtihani.

Kabla ya ada ya chuo, nenda hospitali ya Maweni upimwe macho na presha. Mboni zetu hazipokei mwanga kama zamani, na mtoto wa jicho huanza kimyakimya. Kazi yako ni ya alfajiri, boti zinaingia kukiwa bado kiza, taa za malori zinakuja usoni. Mwambie daktari waziwazi kwamba utaendesha gizani, na mtajie dawa zote unazokunywa. Zipo zinazoleta usingizi na kizunguzungu. Akisema gizani hapana, endesha kuanzia kunapopambazuka na mzigo wa alfajiri umpe kijana. Hapo usibishane.

Kalenda unayo tayari. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, nawe hupumzika nao, basi masomo yapange hapo. Na uanze kiangazi, Juni hadi Septemba, kabla udongo wa Kigoma haujawa utelezi.

Kuhusu mkopo wa kuongezea, nakuomba usichukue. Unakumbuka mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Marejesho hayafungwi na ziwa. Nunua lililotumika kwa fedha yako, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Alale chini aangalie chasisi kama imechomelewa, na kadi iwe na jina la huyo anayekuuzia. Ukishalipa, libadilishwe liwe lako bila kungoja. Usimalizie akiba yote kwenye kununua. Bima, matairi na oili vinakusubiri wiki ya kwanza. Ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, pita kwanza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ujue kibali unachohitaji.

Umeuliza utavaa nini, na swali hili ni zito kuliko ulivyoliandika. Ncha ya kanga ikidakwa na gurudumu inamvuta mtu chini kabla hajajua kilichomshika. Vaa suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake gauni la kuishia magotini lililopasuliwa pembeni, na kanga uifunge kiunoni kwa ndani, pasiwe na kinachoning'inia. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli ya kushika pedali ya breki hata ikiwa imelowa maji ya samaki. Kandambili ziache nyumbani. Ushungi uwe mwembamba, uliobana kichwani, bila fundo kisogoni, kwa sababu fundo huiinua kofia ngumu ikapwaya. Ukienda dukani kuijaribu, nenda na ushungi huohuo, ufunge mkanda wa kidevuni, kisha utikise kichwa. Ikicheza, omba ndogo zaidi.