Mguu uliponigomea kati ya Lamu na Manda

Nilikuwa nikijigamba kwamba naweza kuogelea kutoka Lamu hadi Manda bila kupumzika. Siku moja maji yanatoka, niko katikati, kigimbi cha kulia kikakaza kama jiwe. Nauambia mguu unyooke, hautaki. Ami yangu, aliyekuwa akinifuata kwa mtumbwi, akapiga kelele: "Lala chali, mwanangu! Wacha kupigana na maji!"

Mpaka siku ile nilidhani mwili wote unanitii. Kumbe ninayoiamuru ni misuli ya hiari tu, ile iliyoshikana na mifupa, zaidi ya 600 (wala sisemi msuli wa kuvaa). Ndiyo tunayopigia kasia na kupakizia punda mzigo. Nayo ikichoka huweza kujikaza bila idhini yako, kama kigimbi changu. Misuli isiyo ya hiari haikuulizi kabisa: ya utumbo, ya mishipa ya damu, hata ile midogo iliyosimamisha malaika (vinyweleo) ya mikono yangu kwa hofu. Moyo nao hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na siku ile ulikuwa unakimbia. Jaribu kuuambia utulie uone.

Lakini kuna kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu. Umelala, unafanya kazi. Umeamka, unaweza kuuongoza. Hapo ndipo pa kushika. Ukitoa pumzi polepole, moyo nao hupunguza kasi. Basi nililala chali, nikatoa pumzi ndefu, nikavuta vidole vya mguu kuelekea kwangu mpaka kigimbi kikalegea. Fanya vivyo hivyo.

Nyinyi mnaojiandaa kwa mashindano ya kuogelea ya Maulidi, na wale wa kupiga mbizi gatini, sikilizeni hili. Kuna mtindo wa kuhema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama ili ukae zaidi chini. Acheni. Kinachokusukuma utake kupumua ni kaboni dioksidi kujaa mwilini. Ukishaitoa mno kwa kuhema, kengele inachelewa kulia na oksijeni inaisha wewe hujijui. Unazimia. Nchi kavu, aliyezimia kwa kubana pumzi hupumua tena mwenyewe, maana hapo kiwambo hakingoji ruhusa yako. Chini ya maji, kitavuta maji.

Kwa hiyo ukizama, mwenzako abaki juu, macho kwako, si kwenye simu.