Fundi Anajibu: Antena za Dar Zilipotazama Kaskazini

*Shikamoo Mzee Fundi. Kijiweni kwetu Tandika tumebishana mpaka tukanuniana. Mimi nasema televisheni Tanzania imeanza 1994. Mwenzangu, ambaye mama yake ni mtu wa Makunduchi, anasema Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Tumewekeana kreti la soda. Nani alipe?*
*Msomaji, Tandika*

Marahaba mwanangu. Lipa wewe.

Televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilianza 1973, na ilianza na rangi siku hiyo hiyo. Haikupitia nyeusi na nyeupe hata kidogo. Kusini mwa Sahara hakuna aliyetutangulia kwa rangi. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, lakini rangi waliipata 1978. Afrika Kusini, na utajiri wao wote, walifungua televisheni yao Januari 1976. Uingereza wenyewe rangi waliianza 1967, kwa hiyo sisi wa kisiwani tulikuwa nyuma yao kwa miaka sita tu.

Mpango ulikuwa wa Mzee Abeid Amani Karume. Aliuawa Aprili 7, 1972, hakuwahi kuiona. Mitambo iliwashwa Mzee Aboud Jumbe akiwa ndiye Rais. Pesa ilikuwa ya karafuu. Zama zile Waindonesia walikuwa wakinunua karafuu zetu kwa wingi kutia kwenye sigara zao, na bei ilikuwa nzuri. Kwa hiyo ukimkuta mkulima wa Pemba anajivunia TVZ, muache ajivunie. Ameilipia kwa mgongo wake.

Mimi mwaka 1973 nilikuwa na miaka 17, najifunza kutengeneza redio kwa mjomba wangu Mkunazini. Televisheni ya kwanza niliiona kwa kupitia dirishani kwa jirani. Wanawake ndani, wanaume barazani, sisi vijana tumening'inia kwenye nondo za dirisha. Lilikuwa kundi la taarabu. Miongoni mwa wapiga fidla nikamtambua mzee mmoja ambaye asubuhi ile ile nilimuona sokoni Darajani akibishana bei ya changu. Sasa yumo ndani ya kioo, koti jeusi, tarbushi nyekundu, na fidla yake inang'aa rangi ya asali. Picha zinazotembea hazikuwa ngeni kwetu, maana tukienda sinema Majestic kila tukipata senti, tukaangalia Wahindi na Wamarekani. Lakini kumuona mtu wa mtaani kwetu, mwimbaji anaimba Kiswahili, na tarbushi ni nyekundu kweli kweli! Mjomba alinivuta sikio turudi kazini, nikarudi, lakini kuanzia siku hiyo redio hazikunitosha tena.

Na hapa ndipo ninapotaka wewe na mwenzako mnisikilize. Hata Dar es Salaam haikungoja 1994. Nilihamia Dar 1981, nikafungua meza yangu ya ufundi Kariakoo, na kazi iliyonilisha miaka ile ilikuwa kupandisha antena za kushika TVZ. Nyumba zenye uwezo zilisimamisha mabomba ya chuma juu ya paa, mengine yanapita minazi, yamefungwa kwa waya pande tatu yasiangushwe na kusi. Watu walikuwa wakizielekeza antena zao baharini, mashariki, kwa sababu Zanzibar akilini mwao iko baharini. Nikifika, kazi ya kwanza ilikuwa kuigeuza. Angalia ramani: kutoka Dar, mji wa Unguja uko kaskazini, kilomita 70 hivi. Ukiielekeza antena mashariki unaitazama Bahari ya Hindi tupu.

Kilomita 70 ni nyingi kwa mawimbi ya televisheni. Yanakwenda mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo, kwa hiyo mpaka yafike Dar yanakuwa yamepita juu ya vichwa vyetu. Ndiyo sababu ya mabomba marefu na busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Siku za kaskazi, jioni, bahari imelala na hewa ya joto imetanda juu ya maji, mawimbi huinama kidogo na picha huja safi kama uko Mnazi Mmoja ya Unguja. Siku ya upepo mkali unapata chenga tupu. Mtoto mmoja alipandishwa juu ya paa, mwengine yuko mlangoni, baba yuko kwenye kiti: "Bado! Bado! Hapo hapo! Umeipoteza, rudisha!" Sauti hizo nimezisikia Ilala, Upanga na Magomeni, usiku baada ya usiku.

Tatizo jengine lilikuwa sauti. Zanzibar walitumia mfumo wa PAL wa Kiingereza, ambao sauti yake iko megahezi 6 kutoka kwenye picha. Televisheni nyingi zilizokuja na mabaharia na jamaa wa Uarabuni zilitengenezwa kwa megahezi 5.5. Mtu anafika na TV mpya kutoka Dubai, anaiwasha, anamuona msomaji wa taarifa ya habari midomo inakwenda, sauti hakuna, ni mvumo tu. Anadhani ameuziwa mbovu. Ilikuwa lazima nifungue, nibadilishe kijipande kidogo cha kauri, kisha nizungushe koili ya sauti taratibu kwa bisibisi ya plastiki mpaka yule bwana wa kwenye kioo apate kusema. Kila ilipotokea, nyumba nzima ilipiga makofi.

Kwa hiyo historia ya televisheni ya Tanzania ikiandikwa kuanzia 1994 inaacha miaka 21, na inawaacha watu wa Dar waliokaa juu ya mapaa yao. Mimi nilikuwa nao huko juu, sitakubali wasahauliwe.

*Mzee wangu, heshima yako. Skuli tumefundishwa kwamba Mwalimu Nyerere aliikataa televisheni Bara. Sasa iweje Zanzibar iruhusiwe na nchi ni moja? Na je, Mwalimu alikosea?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Ahsante kwa adabu yako, mjukuu wangu.

Utangazaji haumo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Posta na simu zimo, ulinzi umo, mambo ya nje yamo, lakini redio na televisheni kila upande una zake. Kwa hiyo Serikali ya Mapinduzi haikuomba ruhusa, iliamua.

Mwalimu aliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini, na kwamba nchi masikini iweke pesa yake kwenye redio, ambayo mkulima wa Kasulu anaweza kuisikia. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mwaka ule ule wa 1973 ambao sisi tulikuwa tukishangaa rangi, Bara kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, wakajifunza habari za malaria na kuhara, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Televisheni gani ya wakati ule ingefanya kazi hiyo vijijini, ambako umeme haukuwapo?

Ila umeniuliza, nami nakujibu kwa moyo mweupe: kwa 1973 alikuwa sawa, na kwa 1983 nadhani alikuwa amechelewa. Ufundi haununuliwi dukani. Zanzibar ilikuwa tayari na wapiga picha, watu wa sauti, watu wa taa na wasomaji habari walioikulia kazi. Bara vijana wenye kipaji hicho walizeeka bila kushika kamera. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu niliwajua baadhi yao. Waliishia kuwa mafundi wa redio kama mimi.

Mlango ulifunguka wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kabla ya kuwa Rais wa Muungano 1985. Huyu alitoka mahali ambapo televisheni ilikuwa kitu cha kawaida sebuleni. Biashara ilipolegezwa, watu wa Bara walivuka kwenda kununua TV Unguja, wakarudi nazo bandarini zimefungwa mashuka. Sheria ya utangazaji ikapita 1993, na 1994 zikaanza stesheni za watu binafsi: CTN, ITV na DTV. Serikali yenyewe ilikuja na Televisheni ya Taifa, TVT, karne ilipokuwa ikigeuka. TVT iliunganishwa na Redio Tanzania kuwa Taasisi ya Utangazaji, TUT, na tangu amri ya 2007 ni TBC, ambayo kwanza iliongozwa na Tido Mhando, yule wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC.

*Assalaam alaykum. Mbona TVZ siku hizi inaitwa ZBC? Imeuzwa?*
*Mama wa Wete, Pemba*

Waalaykum salaam bibie. Haijauzwa, bado ni ya Serikali ya Mapinduzi. Mwaka 2013 televisheni na redio, yaani ile Sauti ya Tanzania Zanzibar, ziliwekwa chini ya shirika moja, Shirika la Utangazaji Zanzibar, na herufi zikabadilika. Mimi bado naiita TVZ, na nikisema hivyo dukani kwangu kila mtu ananielewa.

*Habari za kazi Mzee. Marehemu baba ameacha TV ya kizamani, ile yenye mgongo mkubwa, aliinunua mwaka 1986. Inawaka. Antena yake ndefu ipo bado juu ya paa. Naweza kupata ZBC bila king'amuzi?*
*Msomaji, Magomeni*

Nzuri mwanangu, na pole kwa msiba.

Bila king'amuzi haiwezekani. Mitambo ya analojia Dar ilizimwa Desemba 31, 2012, na hewani hakuna tena kitu ambacho TV hiyo inaweza kukisoma peke yake. Lakini usiitupe. Nunua king'amuzi chenye tundu la kutolea waya wa antena, si zile tundu tatu za rangi peke yake, maana TV ya 1986 aghalabu haina hizo. Chomeka waya kutoka king'amuzi hadi tundu la antena nyuma ya TV, kisha tafuta stesheni taratibu kwa kitufe cha mkono mpaka picha itokee. Antena ya marehemu ilikuwa ya mawimbi marefu, haifai kwa dijitali. Weka ndogo ya siku hizi juu ya bomba lile lile, bomba ni zuri.

Kifuniko cha nyuma usikifungue. Tyubu ya TV hizo huweka umeme wa maelfu ya volti hata ukiwa umechomoa waya ukutani, na nimeona mtu akirushwa mpaka ukutani. Niletee mimi. Nitaifungua mbele yako nikuoneshe koili ya sauti. Kiwandani huzibwa kwa nta ili isitikisike. Ukikuta nta imevunjwa na koili imezungushwa, basi kuna fundi aliyeigeuza ili baba yako amsikie msomaji habari wa Unguja, na kama ni Magomeni miaka ile, huenda fundi huyo ni mimi.