Chupa ya bakteria haileti mvua

Swali: Bwana Shamba, salaam. Niko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nina ekari moja ya soya, moja ya mahindi, na matuta machache ya kabichi. Nilinunua lita moja ya "vijidudu vya kuzuia ukame". Aliyeniuzia alisema inafaa kila zao na mbolea sihitaji tena. Mvua ilipokatika na majani kuanza kunyauka, niliinyunyizia yote, lakini sioni tofauti. Je, nirudie kwa dozi maradufu? Na naweza kuizalisha kwenye jerikeni kwa molasi ili nisinunue tena?

Jibu: Usirudie, ndugu yangu, na jerikeni iache.

Kosa ninaloletewa kila msimu ni hili: watu wanatumia bakteria kama dawa ya kunyunyizia mgonjwa. Vijidudu hivi kazi yao iko kwenye mzizi, na huanza mzizi ukiwa bado mchanga. Kuvu wa maikoriza huingia ndani ya mzizi na kutandaza nyuzi nyembamba sana, zinazopenya kwenye matundu ya udongo ambayo mzizi wenyewe hauwezi kuyaingia, zikarudi na fosforasi na maji kidogo. Wako pia bakteria wanaoishi juu ya mizizi na kula kemikali ambayo mmea wenye kiu huigeuza kuwa ethilini, gesi inayodumaza mizizi. Gesi ikipungua, mzizi unaendelea kushuka. Yote hayo huchukua wiki kadhaa. Ukiwanyunyizia bakteria kwenye majani yaliyonyauka, jua la saa sita likawaka, umewaua tu. Na hata mambo yakienda sawa, faida ni mmea kuhimili siku kadhaa zaidi. Udongo ukishakauka hadi chini, hakuna nyuzi itakayonyonya maji yasiyokuwepo.

Halafu hilo la "kila zao". Soya ina bakteria wake wanaotengeneza vinundu kwenye mizizi, wanaoitwa rizobia, na wa maharagwe hawaifai. Mahindi hayafanyi vinundu na rizobia yeyote. Kabichi na sukuma wiki hazishirikiani na maikoriza kabisa. Ukiweka, umelisha udongo kwa pesa yako. Anayekuuzia chupa moja kwa mazao hayo matatu ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Jerikeni ndiyo inayonichosha zaidi, maana inafundishwa hata kwenye vikundi vya WhatsApp. Ukichanganya molasi na maji, wanaozaliana haraka ni hamira na bakteria wa uchachu, wale wale wa maziwa lala. Mchanganyiko unachacha baada ya siku chache. Rizobia wa soya wanakua polepole. Maabara wanasubiri karibu wiki nzima kuwaona kwenye sahani za kuoteshea vijidudu, tena chakula chao kimechemshwa kuua vijidudu vingine. Ndani ya jerikeni wanazidiwa mapema. Povu na harufu vinakuonyesha kuwa kuna kitu hai, lakini siyo kile ulicholipia.

Soya yako bado inaweza kukaguliwa. Ikianza kutoa maua, chimba mimea kumi kutoka sehemu tofauti. Chimba kwa jembe. Ukiing'oa, vinundu vinabaki ardhini. Suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani hakina faida. Ila ukame wenyewe huzima vinundu, kwa hiyo usihukumu kabla mvua haijarudi wiki moja au mbili.

Msimu ujao tafuta rizobia wa soya, na uwapake kwenye mbegu. Pakiti ya gramu 100 kwa kawaida inatosha kilo 10 hadi 15, basi ekari moja yenye mbegu kilo 25 inahitaji mbili au tatu. Lowesha mbegu kidogo tu kwa maji yenye sukari ili unga ushike. Ganda la soya ni jembamba, likilowa sana linachubuka. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Changanya kivulini, anika kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, fukia mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu kama thiram usiichanganye na bakteria, wengi wanaweza kufa. Na fosforasi haikwepeki: mbolea ya TSP kama kilo 50 kwa ekari, isiguse mbegu. pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikiwa chini ya 5.5, tia chokaa kwanza. Maabara ya udongo ya Kawanda, karibu na Kampala, itakupimia.

Kwa mahindi, kinachosaidia kweli wakati wa ukame ni matandazo na samadi iliyooza. Acha pia kuchoma mabua na kulima kwa kina kila msimu, maana jembe hukata nyuzi za maikoriza waliomo tayari shambani bure.

Na wengine mnaosoma hapa: lebo isiyotaja jina la bakteria, zao lake, idadi yao kwa gramu na tarehe ya kuisha, iacheni dukani. Hata yenye lebo nzuri, ikiwa imekaa kwenye rafu chini ya bati la moto au imezungushwa juani kwenye boda, waliomo huenda wameshakufa. Ombeni iliyohifadhiwa mahali penye ubaridi.

Muuzaji akiapa kwamba yake ni tofauti, jaribu kwa mistari michache: kumi bila chochote, kumi na bidhaa yake, mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile. Anza kupanda ile isiyo na bidhaa, kwa sababu mikono na ndoo vikishagusa bakteria vitawapeleka upande wa pili. Vuna kila upande peke yake, kausha, upime. Kilo zikilingana, pesa ya chupa inunulie TSP.