Kasti ya int bado inanyamaza

Unauliza kama PHP 8, toleo la lugha ya programu ya PHP, sasa inalalamika ukiikasti "50,000" (yaani ukilazimisha maandishi yawe int, namba nzima), na unapendekeza kasti kali inayokataa maandishi yasiyo namba safi. Hapana ndugu, PHP 8 haikuigusa kasti hiyo. Kilichobadilika 2020 ni hesabu zenyewe, yaani ukijumlisha "50,000" na 1 sasa unapata onyo kamili badala ya kale ka notisi, lakini ukiikasti mwenyewe kuwa int inakupa 50 kimya kimya, maana inasoma tarakimu mpaka ikutane na koma halafu inaishia hapo. Najua kwa uchungu, niliandika programu ya duka moja hapa Kampala, mwenye duka akaingiza bei ya gunia la mchele 150,000 na koma yake kama sisi sote tunavyoandika shilingi, risiti ikatoka 150.

Wazo lako la kasti kali inayokataa nalipenda sana, ila itabidi uandike RFC (pendekezo rasmi la kubadili PHP), ijadiliwe, ipate theluthi mbili ya kura, na ukigusa kasti iliyopo utavunja programu nyingi za zamani, kwa hiyo pendekeza iwe kasti mpya pembeni. Kwa sasa tumia filter_var na FILTER_VALIDATE_INT, kikaguzi cha PHP cha namba nzima, hiyo ikiona koma inarudisha false, yaani inakataa.