Mpangilio wa karakana ya useremala: mawazo yatoke wapi?

Umeuliza utafute wapi mawazo ya kupanga karakana yako ya useremala. Picha za karakana za wengine zinafaa, lakini naamini kabisa kwamba mwongozo bora ni safari ya ubao wenyewe: ufuatilie unavyotoka stoo, unavyokatwa, kupigwa randa, kuunganishwa na hatimaye kupakwa vanishi, kisha upange mashine kwa kufuata njia hiyo. Msumeno wa meza uupe nafasi ya kutosha mbele na nyuma, kwa kuwa plaiwudi nzima ya kawaida ina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122. Chora ramani ya sakafu kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:20 (sentimita 1 ya mchoro ni sentimita 20 za sakafu), ukate vipande vya karatasi vinavyowakilisha mashine, uvisogeze mpaka uridhike. Nakusihi vanishi ipakwe mbali na vumbi.